Kibuyu cha Mama Eliwaza

Neema, ambaye sasa anakalia kiti changu, ameniomba niwaandikie kitu ninyi mnaoanza kazi katika makumbusho yetu madogo ya hapa Kiomboi. Alitaka historia ya jengo. Historia hiyo imebandikwa ukutani mlangoni, na nusu yake ni majina ya wageni waliokuja kukata utepe, kwa hiyo sitairudia. Mambo ya vyeo na mishahara kawaulizeni watu wa uhasibu, wao wanayakumbuka vizuri kuliko mimi. Nitasema habari za kazi yenyewe, na za kibuyu kimoja ambacho nikikikumbuka hadi leo roho inaniuma.

Nililetwa pale nikitokea ofisi ya kilimo, nilikokuwa karani. Nilidhani nimeadhibiwa. Jengo lilikuwa ghala la zamani la pamba, bati tupu bila dari, na mchana joto lake lilikufanya usahau ulichokuwa unatafuta. Nilimkuta Mzee Kitundu amekaa chini kwenye mkeka, amezungukwa na vyungu. Alikuwa seremala kabla ya kupewa kazi ya kutunza vitu, na alikuwa na mikono mipana iliyogusa kila kitu taratibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeletwa kutoka kilimo?"

"Ndiyo baba."

"Ulikosa nini huko?"

Nilicheka, naye akacheka, na tangu hapo tulielewana. Siku hiyo hakunipa kazi ya kuandika. Alinipa chungu cha kupikia mboga akaniambia nikinyanyue. Nikakishika kwenye ukingo wa mdomo, kama kila mtu afanyavyo nyumbani. Akanizuia mkono. Chungu cha zamani, alisema, hushikwa chini kwa mkono mmoja na ubavuni kwa mwingine, kwa sababu mdomo ndio ulioshikwa na kila mtu tangu kilipofinyangwa na umechoka. Kisha akanitaka nikinuse. Nikanusa. Kilinuka moshi, na ndani kabisa, kama mtu anayeongea chumba cha pili, kilinuka mboga.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Kwa pua na vidole kwanza, maandishi baadaye. Vitu vyetu vilikuwa mchanganyiko ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angeupanga. Mawe ya kusagia uwele yalikaa jirani na cherehani. Kulikuwa na mizinga ya nyuki ya magogo, majembe ya chuma kilichofuliwa hapa hapa kwetu, sketi za ngozi zenye shanga, zeze lililokatika uzi, ngoma za ukubwa wote, na kinanda cha kanisani ambacho panya waliwahi kuzalia ndani. Ukutani tulikuwa na picha aliyoichora mwalimu mmoja wa shule ya msingi, inaonyesha siku ya mnada, na watu aliowafahamu amewachora wakubwa kuliko nyumba. Wageni waliosoma walikuwa wakitabasamu mbele ya picha ile. Wenyeji walikuwa wakisimama muda mrefu wakitafutana.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na ninawashauri msividharau. Brashi laini ya kupakia rangi, ambayo haijawahi kuona rangi. Khanga kuukuu zilizofuliwa mpaka zikalegea. Penseli, kamwe si kalamu ya wino. Tochi ya kumulikia chini ya kila kitu, maana mchwa hawaji kwa mlangoni. Miguu ya makabati tuliisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu ya magari, na kila aliyetutembelea kutoka mjini alituuliza kama gari letu linavuja. Hatukuwa na gari.

Kulikuwa pia na vituko. Mheshimiwa mmoja alitaka kupigwa picha amekalia kigoda cha mtemi. Nikamweleza kwa adabu kwamba hakikaliwi. Akaniangalia kwa huruma, akakaa. Mguu mmoja wa kigoda ukaachia, akaenda chini pamoja na suti yake. Mzee Kitundu aliutengeneza vizuri mno kiasi kwamba leo hamwezi kuona palipovunjika, na kwenye maelezo tukaandika tu kwamba kigoda kimewahi kukarabatiwa.

Lakini adui wetu mkubwa hakuwa mheshimiwa. Alikuwa mdudu. Mkulima wa Iramba anajua dumuzi anavyoweza kugeuza mahindi ya mwaka mzima kuwa unga usiolika. Sisi tulikuwa na jamaa zake, wale wanaotoboa mti, ngozi na vibuyu. Unaingia asubuhi unakuta chini ya ngoma kuna vumbi jembamba la rangi ya maziwa, unajua tayari wamehamia. Kwa hiyo kila kitu cha mti, ngozi au kibuyu kilichoingia pale kilipigwa dawa ya unga kutoka kwenye kopo lenye picha ya fuvu. Mzee Kitundu alijifunga kitambaa puani, akanifukuza nje, akafanya mwenyewe. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo makumbusho karibu yote yalivyofanya miaka hiyo. Vitu vyetu vilipona. Tulijivunia sana jambo hilo, na wageni wa kutoka makao makuu walitusifu kwamba ngozi zetu hazina tundu.

Mzee Kitundu alipostaafu niliachiwa funguo. Na ilikuwa miaka mingi baadaye, mimi nami nikiwa nimeanza kuota mvi, alipokuja Mama Eliwaza.

Alifika na basi la asubuhi kutoka Misigiri, mama mwembamba mrefu, viatu vyake amevishika mkononi kwa sababu ya tope. Alivivaa mlangoni. Hakuangalia ngoma wala kigoda. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo la vyombo vya maziwa, akasimama. Nikamwacha. Wapo watu wanaokuja kusimama tu, na huwa siwasumbui. Lakini alikaa mno, nikamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiwe mwenye funguo?"

"Mimi ndiye."

"Nimekuja kuazima kibuyu chetu. Kwa siku moja tu, nitakirudisha."

Alinyoosha kidole. Nilikijua kile kibuyu kuliko nilivyojua sahani za nyumbani kwangu. Kilikuwa na shingo ndefu, mkanda wa ngozi uliosokotwa, na kifuniko cha ukindu. Chini yake palikuwa na kikaratasi chenye maneno: kibuyu cha maziwa, zawadi ya Mzee Yona wa Misigiri.

"Mzee Yona ni nani yako?"

"Alikuwa mume wangu. Mungu amrehemu. Alikileta yeye. Aliporudi nyumbani akaniambia, mke wangu, jina letu limewekwa kwenye kioo. Nikamuuliza, kibuyu kiko wapi? Akasema, si ndiyo nakwambia, kiko kwenye kioo." Akagusa kioo kwa kidole. "Hakuniuliza. Na ninyi hamkuniuliza."

Nikamvutia kiti. Akanieleza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye kikaratasi wala mahali popote kwetu. Katika nyumba ile, mke akiolewa, asubuhi ya kwanza anakamua ng'ombe na kutia maziwa ndani ya kibuyu hicho, anapiga magoti mbele ya mama mkwe na kumpa. Mama mkwe anakunywa, kisha anamrudishia. Akishakipokea na kunywa yeye, basi ni mtu wa nyumba ile. Kabla ya hapo ni mgeni. Mama Eliwaza alipewa hivyo na mkwe wake, na mkwe wake alipewa na aliyemtangulia. Kibuyu kilikuwa cha wanawake. Yona alikikuta kimetundikwa, akadhani ni cha kwake.

"Wakwe zangu wawili wa kwanza niliwapokea kwa bakuli la plastiki," akasema. "Mmoja alirudi kwao. Mwingine yuko Dodoma, hunipigia simu sikukuu. Sisemi ni kwa sababu ya bakuli. Mimi ni Mkristo, siamini mambo hayo. Lakini sikuwahi kuwaona wameingia nyumbani kwangu, mwanangu. Nilikuwa nawaona wako mlangoni. Sasa kitinda mimba wangu anaoa baada ya mavuno. Binti mwenyewe anaitwa Tabitha, mtoto mzuri. Huyu nataka nimwingize. Mimi nimezeeka, hakuna mwingine nitakayempokea."

Siwezi kusema nilikuwa mtulivu. Kanuni yetu ilikuwa moja tu na ya wazi: kilichoingia hakitoki. Lakini nilimtazama yule mama, nikajua kwamba safari hii nitaipinga kanuni hiyo. Nikamwambia nitaomba ruhusa. Kabla hajaondoka alitaka akishike. Nikafungua kabati, nikampa. Akatoa kifuniko, akaingiza pua.

"Hakinuki maziwa," akasema. "Kinanuka ghala."

Kamati ya makumbusho ilikaa. Mmoja alisema kikivunjika tutajibu nini. Mwingine alisema tukiazimisha kibuyu leo, kesho watu wa ukoo wa mtemi watakuja kudai kigoda wakafanyie harusi. Nilisema mengi, mengine kwa sauti isiyofaa kikaoni. Mwishowe walikubali, kwa masharti kwamba niende nacho mimi, nirudi nacho mimi, siku hiyo hiyo. Nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Furaha hiyo haikufika mbali. Nilikishusha kibuyu nikipanguse, nikakiinamisha juu ya karatasi nyeusi, nikakigonga kidogo. Ukadondoka unga mweupe.

Nilijua kwamba vitu vyote vilipigwa dawa. Nilichokuwa natumaini ni kwamba hiki kilipigwa kwa nje tu. Nilimfuata Mzee Kitundu nyumbani kwake. Alikuwa amekwisha kuwa mzee wa fimbo, anaota jua ukutani.

"Baba, kile kibuyu cha Misigiri ulikitia dawa ndani?"

"Ndani hasa," akasema, uso ukamchangamka. "Ndani ndiko wanakoanzia. Nilitia, nikatikisa, nikafunga, nikaacha. Vipi, wamekitoboa?"

"Hapana baba. Hakina hata tundu."

"Nilikwambia."

Nikamweleza habari ya Mama Eliwaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na ule uchangamfu ukamwisha taratibu. Mzee yule alikuwa Mnyiramba wa kuzaliwa, alikua akinywa maziwa kwenye vibuyu kama hivyo kwa mama yake. Akachora mchangani kwa ncha ya fimbo yake.

"Tulikuwa tunaogopa wadudu tu," akasema. "Haikutupitia akilini kwamba kuna mtu atarudi kuvinywea."

Sijawahi kusikia kazi yetu ikielezwa vizuri zaidi ya hapo, na laiti angekuwa amesema uongo. Nilimpigia simu mtaalamu wa dawa hizo huko Dar es Salaam. Akaniuliza maswali mazuri, akanijibu bila kuzunguka: kibuyu hunyonya, na kile kimenyonya. Hakuna kukiosha dawa ikaisha. Chakula kisiingie humo, na mikono isikiguse bila glavu.

Nikaenda Misigiri mwenyewe. Habari kama hiyo haitumwi kwa simu. Mama Eliwaza alikuwa uani anapepeta uwele, akanipa kigoda bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza kusema, ungo ulisimama.

"Nikikiosha kwa majivu?"

"Hapana mama."

"Maji ya moto?"

"Hapana."

"Nikikifukiza kwa kijinga cha moto? Zamani tulifukiza, kila uchafu ulitoka."

"Hata moshi wake utakuwa na sumu, mama."

Akakung'uta makapi. "Kwa hiyo mlikitia sumu ili kisife."

Tangu siku ile nikiingia chumba cha vitu nilikuwa naona tofauti. Ngoma zetu haziwezi kupigwa, zikipigwa zinatoa vumbi la sumu. Mzinga wetu hauwezi kuingiza nyuki. Ile sketi ya ngozi haiwezi kugusa mwili wa msichana yeyote. Tuliwaambia watu watuletee vitu vyao visipotee, wakatuletea kwa moyo mweupe, wengine wakiwa wamevitoa begani siku hiyo hiyo. Na sisi tukahakikisha kwamba havitarudi tena mikononi mwa mtu. Kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana nawasihi: mtu akileta kitu, msiishie kumuuliza kinaitwaje na kimetengenezwa na nini. Muulizeni nani nyumbani anakitumia, na kama huyo aliyekileta ndiye mwenye kukitoa. Tena muulizeni huyo mwenyewe, msimuulize mumewe.

Basi tulikubaliana na Mama Eliwaza hivi. Kibuyu kitakuja, kitupu. Maziwa yatakuwa kwenye kikombe cha bati. Tabitha atakishika na kumpa mkwe wake, mkwe atakishika na kumrudishia, halafu watakunywa kwenye kikombe. "Kilete hivyo hivyo," alisema. "Afadhali akishike."

Harusi ilifungwa kanisani, na asubuhi iliyofuata nikafika Misigiri, kibuyu nimekipakata ndani ya khanga kama mtoto mchanga. Uani pamejaa wanawake. Tabitha alikuwa amekwisha kukamua, kikombe kiko juu ya kigoda, kimefunikwa kisahani. Alinipigia magoti kunisalimia. Nikampa glavu nyeupe.

"Nivae hizi?"

"Tafadhali mwanangu. Ni kwa usalama wako."

"Bibi harusi amekuwa trafiki!" akasema shangazi mmoja, na ua mzima ukaangua kicheko, hata Tabitha. Mama Eliwaza naye nilimpa glavu zake. Alizivaa kwa shida, vidole vyake vilikuwa na ugonjwa wa viungo. Nilisimama pembeni, si mbali, kama nilivyoahidi kamati.

Tabitha akapiga magoti, akakitoa kibuyu kwa mikono miwili. Vigelegele vikapigwa. Mama Eliwaza akakipokea. Na hapo uso wake ukabadilika. Alifumba macho, akaanza kusema maneno ya Kinyiramba kwa sauti ndogo, akitaja majina ya wanawake, la mkwe wake, na la mkwe wa mkwe wake. Wanawake wazima wakaacha vigelegele, wakasogea kumsikiliza. Ikanijia kwamba hatuko naye tena. Alikuwa amerudi siku ile aliyopokelewa yeye. Mkono wake ukatoa kifuniko, ukainua kibuyu, shingo ikaelekea mdomoni.

"Mama! Usiweke mdomoni!"

Nilipiga kelele. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono kukizuia. Kila mtu alinigeukia.

Alifumbua macho. Aliniangalia mimi, akakiangalia kibuyu, akaziangalia glavu zilizokuwa mikononi mwake kama ndiyo kwanza anaziona. Akakirudishia kifuniko chake, taratibu, akakaza vizuri.

"Nisamehe mama," nikasema.

"Hujakosa, mwanangu," akasema. "Chukua. Ni chenu."

Akakitoa kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima yote, mbele ya watu wote. Tabitha alikuwa bado amepiga magoti katikati yetu na glavu zake nyeupe, mikono ameinyoosha, anangoja arudishiwe. Nikakipokea mimi.